Dogo wa miaka 19 aliyeitwa majaribio nje: nijibu kwa niliyoyapitia

Mkuu, umesema wakala amekupatia majaribio ya soka kwenye klabu ya nje na anataka umtangulizie pesa ya "kushughulikia makaratasi", na kwamba unataka ligi kubwa moja kwa moja. Nimecheza soka nje misimu sita, nchi mbili, na sikuwahi kuwa staa.

Hiyo pesa usitoe. Wakala anayeeleweka hula ukishasaini, asilimia ya mkataba wako. Anayekula mapema hana hasara hata ukirudi mikono mitupu. Tafuta mwenyewe namba ya klabu, upige uulize kama wanakujua. Mimi sikupiga. Niliambiwa mkataba uko mezani, kufika nikakuta nimepewa siku kumi za majaribio tu. Siku ya nne paja likakaza, nikacheza nalo hivyo hivyo kwa kuogopa kurudishwa. Paja hilo linanidai mpaka leo.

Nikapata mkataba, kwa lugha nisiyoijua, nikasaini siku hiyo hiyo. Kumbe ndani kulikuwa na kipengele kinachoipa klabu peke yake uamuzi wa kuniongezea mwaka kwa mshahara uleule. Nilikijua msimu ulipoisha, wakati timu nyingine imeshaanza kuniulizia.

Lakini jambo ambalo watu hawalisemi ni kibali. Mchezaji mzawa akitemwa anarudi kwao kupumzika, dirisha la usajili likifunguliwa anatafuta timu. Wewe kibali chako cha kuishi mara nyingi kimeshikana na ajira. Klabu inalijua hilo, na utaliona siku mshahara unapochelewa. Msimu wangu wa pili mshahara ulisimama kabisa. Mwezi wa kwanza tukaambiwa tuvumilie, wa pili tukapewa vijisenti vya kujikimu. Wageni wenzangu wawili wakagomea mazoezi, na klabu ikapata ilichokuwa inakitafuta: ikawaandikia kwamba wao ndio wamevunja mkataba.

Mimi niliokolewa na mwanasheria wa chama cha wachezaji. Aliniambia nenda mazoezini kila siku, hata wakikuwekea koni ukimbie peke yako (waliniwekea kweli), na kila dai liwe kwa maandishi. Kanuni za FIFA zinasema mishahara ya miezi miwili ikipita bila kulipwa, unaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15. Ikishindwa, unakuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba. Nikaondoka huru. Pesa yenyewe niliipata baada ya kesi ndefu, nimeshahamia nchi nyingine, lakini niliipata.

Kuhusu kutaka ligi kubwa moja kwa moja: mwangalie Mbwana Samatta, mshambuliaji wa Tanzania. TP Mazembe ya Kongo alienda 2011, akaondoka akiwa bingwa wa klabu za Afrika na mfungaji bora wa mashindano hayo ya 2015. Genk ya Ubelgiji aliingia Januari 2016, akakaa miaka minne ndipo akaenda Aston Villa ya Ligi Kuu England Januari 2020. Akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na bado kabla mwaka haujaisha alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki. Huyo ni Samatta. Sisi wengine tunahitaji klabu itakayotupa dakika, maana kwenye ligi nyingi nafasi za wageni huhesabiwa, na mgeni anayelingana na mzawa ndiye anayekaa benchi.

Baridi, lugha, upweke, utazoea. Jifunze kwanza maneno ya uwanjani: geuka, mtu nyuma, acha, wangu. Beki asiyekuelewa hakupi mpira.

Pasipoti ikae kwako. Wakiihitaji kwa ajili ya kibali, wape, wakuandikie tarehe ya kukurudishia, na ubaki na nakala. Barua ya mwaliko ikifika, ficha jina lako na namba zako, uipandishe hapa tuisome kabla hujakata tiketi.