Unataka kusoma elektroni kwenye upenyo mwembamba? Kompyuta yako inatosha

Wadogo zangu wa fizikia pale Mlimani huniuliza: mada hii utaifanyaje Dar, bila maabara ya baridi kali? Inafanyika, tena kwa kompyuta mpakato ya kawaida. Pakua Kwant, programu ya bure ya kukokotoa jinsi elektroni zinavyopita, inayotumia Python, lugha ya kuandikia programu.

Anza na upenyo safi, yaani njia nyembamba ya elektroni isiyo na uchafu. Mwaka 1988 watafiti wa Uholanzi na wenzao wa Cambridge, kila kundi kivyake, walipima upenyo wa namna hiyo kwenye baridi iliyo karibu na sifuri kabisa. Kadiri ulivyopanuka, upitishaji wa umeme ulipanda ngazi kwa ngazi, kila ngazi 2e²/h (e ni chaji ya elektroni, h ni namba thabiti ya Planck). Njia moja peke yake ina ukinzani wa kama kiloomu 12.9, hata bila uchafu wowote! Elektroni ni wimbi, na njia mpya hufunguka kila upana unapoongezeka nusu ya urefu wa wimbi hilo. Ngazi hizo zisipotokea kwako, kagua msimbo kwanza. Kuta nazo zibane taratibu, maana kona kali hurudisha mawimbi na kuzipinda ngazi.

Sasa tia uchafu: kila nukta ya upenyo ndani ya kompyuta ipe nishati ya kubahatisha. Ngazi zitavunjika, mchoro utajaa meno kama msumeno. Hapa wengi hukimbilia wastani ili mchoro upendeze. Mimi nasema subiri. Meno hayo si kelele za kipimo. Rudia sampuli ileile, yatarudi yaleyale, kwa sababu yanatokana na mawimbi kuingiliana kati ya uchafu uliokaa mahali pake. Boris Altshuler, na pia Patrick Lee na Douglas Stone, walionyesha mwaka 1985 kwamba ukubwa wake hukaribia e²/h, iwe sampuli kubwa au ndogo kiasi, mradi wimbi halijapoteza awamu yake, yaani mpangilio wa vilele na mabonde yake. Kwa hiyo hifadhi mbegu ya namba za kubahatisha ya kila sampuli, yaani namba ya kuanzia inayokuwezesha kuitengeneza tena ileile.

Wastani utaufanya baadaye, nao una mtego. Kipande kikiwa kirefu hadi mawimbi yananaswa, jambo alilolieleza Philip Anderson mwaka 1958, sampuli chache zenye bahati hubeba wastani wote. Chukua wastani wa logi (logarithmu) ya upitishaji. Ndio unaoeleza sampuli ya kawaida.

Ukiiacha ikokotoe usiku, iandike matokeo kwenye faili kila sampuli inapoisha. Umeme wa kwetu mnaujua.