Chikungunya inafungaje RNA yake?

SWALI: Shkamoo dokta, mi niko Newala, nasikia chikungunya iligunduliwa huku kwetu enzi za mababu, sasa hiyo RNA inakaaje ndani ya kirusi bila kuharibika, na inatokaje? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Marahaba. Ni kweli, mlipuko ule ulikuwa 1952 hadi 1953, uwanda wa juu wa Makonde. RNA yake (uzi wenye maagizo ya kutengeneza kirusi) ina herufi kama 11,800 hivi na ina chaji hasi, protini ya kapsidi (ganda la ndani la kirusi) nayo ina mkia wenye chaji chanya, zinavutana zenyewe, protini 240 zinaikumbatia mpaka inakuwa kimpira, juu yake utando wa mafuta wenye miiba 80. Sasa hapa ndo patamu: seli ikikimeza kirusi kinajikuta kwenye kifuko chenye asidi, asidi inaigeuza umbo protini ya E1 iliyo kwenye ile miiba, inajichomeka kwenye ukuta wa kifuko, tando mbili zinaungana na kimpira kinatumbukia ndani ya seli. Halafu ribosomu zako mwenyewe, vile viwanda vya protini vya seli (usaliti huo!), zinaivuta kapsidi mpaka inaachia, RNA inabaki wazi na inasomwa hapohapo kutengeneza protini za kirusi, wala haisubiri kunakiliwa kwanza.