Walikuja leo, wakaondoka leo: swali la fundi baiskeli wa Ngamiani

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni fundi baiskeli, nina duka la vipuri hapa Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita nilihamia fremu ya duka iliyo kubwa zaidi, nikafanya uzinduzi. Tenti na viti nilikodi kwa Sh 180,000, spika na MC Sh 250,000, soda na maji Sh 220,000, gari la matangazo lililozunguka mitaani siku mbili Sh 200,000. Watu walijaa, kama 200 hivi, na siku ile niliuza vitu vya Sh 430,000. Wiki iliyofuata duka likarudi kuwa kama zamani, na mpaka leo hali ni ileile. Mke wangu anasema hela imekwenda bure. Nataka kufanya shughuli nyingine, safari hii nichezeshe bahati nasibu ya baiskeli mpya ili watu warudi. Je, nitakuwa nakosea? Na hizi shughuli zinaleta wateja kweli, au ni za kampuni kubwa tu?

JIBU

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara jicho linaishia hapo.

Ulitumia Sh 850,000. Uliuza Sh 430,000, lakini hayo ni mauzo, si faida. Tuseme kwenye vipuri unabaki na robo ya bei: siku ile ulipata Sh 107,500. Kwa hiyo uzinduzi ulikutoa Sh 742,500 mfukoni. Mkeo ana haki ya kuuliza.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu anayepanda baiskeli kila siku ana thamani gani kwako? Atakuja kuziba pancha, kubadilisha tyubu, raba za breki, cheni, gololi. Tuseme anakuja mara sita kwa mwaka, na kila akija unabakiwa na Sh 4,000. Huyo ni Sh 24,000 kwa mwaka. Gawanya 742,500 kwa 24,000, unapata kama 31. Yaani kati ya wale watu 200, wangegeuka wateja wa kudumu 31 tu, mwaka usingeisha kabla hela yako haijarudi. Badilisha makadirio yangu uweke ya duka lako, wewe ndiye unayejua droo yako. Nina hakika jibu halitafika 200.

Kinachonisumbua ni kwamba barua yako haitaji jina hata moja. Hukuandika nani alikuja, ana baiskeli au hana, anakaa wapi, kwa nini arudi. Walikunywa soda, wakacheka na MC, wakaenda zao. Waja leo, waondoka leo, kama tunavyosema Tanga.

Sikulaumu, kwa sababu hata mimi limenipata. Zamani nilimwandalia mteja wangu, mama mmoja, uzinduzi wa duka la vyombo. Wageni waliandika namba zao kwenye daftari, zaidi ya mia moja. Baada ya shughuli daftari likabaki kwenye gari lililobeba viti, likakaa huko wiki tatu. Tulipolipata tukaanza kupiga simu, na kila tuliyempigia aliuliza, "Duka gani?" Fedha ya yule mama ilipotea mikononi mwangu, na tangu siku ile sikubali kupanga shughuli yoyote kabla sijajua nani atapiga simu baada yake, na siku gani.

Kwa hiyo shughuli yako ijayo ipange kuanzia mwisho. Jiulize kwanza: huyu mtu atarudi dukani kufanya nini? Ukishapata jibu ndipo uchague tenti, au uone huna haja nayo.

Kuhusu bahati nasibu, iache. Sababu ya kwanza ni ya sheria: kuchezesha zawadi kwa kubahatisha, hata kwa kutangaza biashara, kunasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kunahitaji kibali chao. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi kwangu. Baiskeli ya bure huvuta kila mtu, hata asiyepanda baiskeli, na akiipata ataiuza. Wewe unamtafuta mtu ambaye baiskeli yake inalia kwikwi kila akikanyaga pedali.

Huyo mvute kwa ukaguzi wa bure. Chagua Jumamosi moja, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Mafundi wawili, kila baiskeli dakika 15. Hapo mnaweza kukagua baiskeli 32, na hesabu iishie hapo. Wiki nzima kabla, kila anayekuja dukani mpe namba yake na saa yake. Wengine waandikishe kwa WhatsApp. Namba zikiisha, waliokosa waandike kwa Jumamosi inayofuata. Mtu aliyepangiwa saa 3 na robo huja, na hasimami juani akisubiri.

Umefanya ufundi miaka mingi, kazi hiyo sikufundishi. Ninachotaka ni mwenye baiskeli aone kwa macho yake. Mwambie abane breki ya mbele yeye mwenyewe, kisha aisukume baiskeli mbele na nyuma: usukani ukigonga, ameusikia mkononi mwake kwamba gololi zimelegea. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe, aone rimu inavyoyumba kati ya raba za breki. Vuta cheni pale mbele kabisa kwenye gia kubwa, aone inavyonyanyuka na kuacha jino wazi. Mteja aliyeyaona haya humbembelezi kununua. Usimtishe wala usimwongezee ubovu. Kama baiskeli ni nzima mwambie ni nzima, mjazie upepo, tia tone la oili, aende kwa amani. Huyo ndiye atakayekutangaza barazani.

Kisha mpe kadi, na hapa uwe makini kuliko mahali pengine popote. Iwe na namba ya kadi, jina, simu, ulichokikuta, na tarehe unayopendekeza arudi. Nakala moja yake, moja yako. Usichapishe kadi 500 za rangi; kitabu cha risiti chenye kaboni kinatosha kabisa.

Namba za simu nazo zina adabu yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Mwambie mtu unachukua namba yake kwa kazi gani, akubali mwenyewe, usimpe mtu mwingine, na akitaka uifute, ifute. Kuhusu kujisajili, waulize Tume wenyewe kabla orodha yako haijawa ndefu.

Siku ya tatu baada ya ukaguzi, Jumanne, unakaa na kadi zako na kuandika ujumbe, mmoja mmoja, kila mtu kwa ubovu wake. Mfano: "Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa Ngamiani niliyekagua baiskeli yako Jumamosi. Raba za breki ya nyuma zimebaki nyembamba. Nimekuwekea jozi, Sh 3,000 pamoja na kufunga. Ukipita wiki hii ni dakika kumi tu. Kama hutaki ujumbe wangu tena, niambie nifute namba yako." Bei weka yako. Mtu akisoma hapo anajua umeikumbuka baiskeli yake, na ujumbe wa jumla wa "karibuni wateja wote" haufanyi kazi hiyo.

Gharama ya siku nzima? Posho ya fundi wa pili, oili, grisi, matambara, kitabu cha kadi, jagi la maji ya ndimu. Sioni ikipita Sh 120,000. Kwa mteja wa Sh 24,000 kwa mwaka, watano wakibaki hela imerudi.

Tarehe je? Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2018 kwamba 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani. Ni sababu nzuri ya kusema, na bahati njema kwetu inaangukia baada ya masika, wakati cheni zimeota kutu na breki zimelowa tope. Chukua Jumamosi iliyo karibu nayo. Usikae ukiingoja hiyo peke yake, lakini. Ukaguzi unaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, na mimi ningependa uwe hivyo, kwa sababu watu huzoea siku kama wanavyozoea gulio.

Walengwa wa kwanza wawe wale ambao baiskeli ndiyo riziki yao: wachukuzi wa samaki kutoka soko la Deep Sea, wauza mikate wenye kreti kwenye karia, wanaopeleka maziwa asubuhi. Chumvi ya bahari inakula cheni na spoku zao, na wakikaa siku moja bila baiskeli, siku hiyo hawali. Wafuate walipo, ukazungumze na mmoja anayesikilizwa na wenzake. Kina mama wanaopanda baiskeli kwenda kazini na sokoni wapangie saa yao, maana wengine hawatapenda kusukumana na vijana kwenye foleni.

Unaweza pia kuazima shughuli ya wengine. Siku ya mechi Mkwakwani, omba ruhusa kwa wasimamizi wa uwanja ulinde baiskeli za mashabiki kwa ada ndogo. Kila baiskeli ifungwe kibati chenye namba, jina la duka na simu yako, na nakala ya kibati abaki nayo mwenyewe. Kwa dakika tisini una baiskeli zote mbele yako. Usiguse kitu bila ruhusa ya mwenyewe, ila anapokuja kuchukua unaweza kumwambia kwamba tairi lake la nyuma limepasuka ubavuni.

Vibali visikupite. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, usizibe barabara, na siku ukitaka tena spika na jukwaa anzia kwa afisa utamaduni wa Jiji. Kwa ukaguzi wa kimyakimya mbele ya duka lako, mambo ni mepesi.

Umeuliza kama shughuli ni za kampuni kubwa. Kampuni kubwa inaweza kulipia jukwaa na msanii, lakini meneja wake hawezi kumwambia mteja, "Baiskeli yako ile ya bluu, nilikwambia habu ya mbele inataka gololi." Wewe unaweza.

Baada ya wiki sita hesabu kadi ngapi zimerudi dukani na zimeleta kiasi gani, ukae na mkeo mkiwa na daftari mezani. Kama ni chini ya tano kati ya 32, niandikie tena na uniambie ulichoandika kwenye ule ujumbe wa Jumanne. Mara nyingi tatizo huwa pale.