Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ikikugomea ugenini, uko peke yako

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41. Pikipiki yangu ni ya cc 400, ina rimu za njiti na tairi za tyubu. Mwakani nataka kuvuka mipaka kadhaa, peke yangu. Orodha yangu ya spea imefika kurasa mbili, na kaka yangu anasema ninunue kifaa cha setilaiti, mengine nimwachie Mungu. Nianzie wapi? Na nikianguka pasipo na mtandao, itakuwaje? – *Msafiri wa Mwakani*

JIBU: Dada yangu, hizo kurasa mbili ziweke kando kwanza. Kabla hujanunua chochote, fanya sevisi kamili ya hiyo pikipiki kwa mkono wako, ukitumia mfuko wa spana utakaosafiri nao na si kingine. Mwaga oili, toa magurudumu yote mawili, kaza mnyororo, badili pedi za breki, fika hadi kwenye betri na fyuzi. Spana ambayo hukuigusa iache nyumbani. Uliyoikosa ndiyo ya kununua, na naweza kubashiri ni ipi: ya nati ya ekseli ya nyuma. Gereji huikaza kwa mashine, halafu wewe unaachiwa kaspana kafupi kalikokuja na pikipiki.

Injini iliyotunzwa hufa mara chache. Kinacholaza watu njiani ni pancha, betri, waya wa klachi, au mkono wa breki uliokatika pikipiki ilipolala chini. Vitu vidogo kabisa.

Kwa tairi zako, pancha ndiyo kazi kubwa, kwa hiyo ifanyie mazoezi mpaka ikuchoshe. Vile vijiti vya mpira vya kuchomeka kwenye tundu ni vya tairi zisizo na tyubu, wewe havikufai. Beba vyuma vitatu vya kutolea tairi, viraka, gundi na pampu ya mkono. Mitungi midogo ya gesi inajaza haraka, ila ikiisha imeisha. Ukiwa na nafasi ya tyubu moja tu, chukua ya mbele: ya inchi 21 inaweza kuingizwa kwenye gurudumu la nyuma la 18 au 17 ukafika mjini polepole, lakini ya nyuma haikai vizuri mbele. Pabaya zaidi ni kuubandua mdomo wa tairi kwenye rimu. Tumia maji ya sabuni, na hakikisha upande wa pili umezama katikati ya rimu, la sivyo utakesha. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta msumari. Ukiuacha humo, utaifanya kazi hiyo mara mbili.

Waya wa klachi una ujanja wake. Ulaze mpya sambamba na wa zamani kuanzia sasa, uufunge kwa vibanio vya plastiki, ncha uziwekee kinga. Wa zamani ukikatika unahamisha ncha mbili tu, tanki hulifungui. Kiungo cha akiba cha mnyororo kiwe cha saizi ya mnyororo wako, 520 au 525, na kama ni cha klipu, upande wake uliofumba uelekee mnyororo unakokwenda.

Beba pia mita ndogo ya umeme. Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, injini ikiwaka na ukavuta mafuta kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki chini ya 13, mfumo wa chaji una shida, hata ununue betri mpya kila mji. Lakini kabla ya mita, tazama swichi nyekundu ya kuzimia injini, stendi ya pembeni, halafu petroli. Nimeona watu wazima wamefungua pikipiki nusu nzima kando ya barabara, kumbe swichi ilibonyezwa na mkoba.

Sasa kuanguka. Kaka yako hakukosea, ila akuulize pia kifaa kitakaa wapi. Kikae mwilini, kwenye jaketi. Kikiwa kwenye usukani na pikipiki imeteleza bondeni, hakikusaidii. Kuna kinachotuma na kupokea ujumbe, ambacho hulipiwa ada, na kuna kinachotuma mwito wa dharura tu kwa masafa ya 406 MHz kupitia Cospas-Sarsat, mtandao wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji. Hiki cha pili hakina ada ya mwezi, lakini lazima ukisajili, na hakikupi nafasi ya kueleza umevunjika nini. Angalia sheria pia: India, kwa mfano, hairuhusu vifaa vya setilaiti bila kibali, na wageni wamekamatwa kwa hilo.

Bima isome neno kwa neno. Mikataba mingi ya safari haigusi pikipiki inayozidi cc 125, na mingine inadai leseni yenye daraja la pikipiki. Leseni ya kimataifa bila muhuri wa daraja A, yaani la pikipiki, inaweza kukugharimu matibabu yote. Hakikisha pia imetaja kusafirishwa mgonjwa.

Karatasi ya kundi la damu, mizio, dawa na namba ya ndugu uivae, na iandikwe kwa lugha ya nchi unayopita. Bandeji za kukandamiza damu ziwe mahali mkono wowote unafika, hata wa kushoto peke yake. Kaka yako umpe njia yako na saa ya kuripoti kila jioni. Mkubaliane pia afanye nini usiporipoti: asubiri muda gani, ampigie nani. Wengi hulisahau hilo, na mtu anakaa nyumbani akiogopa kuonekana ana wasiwasi wa bure.

SWALI: Betri ikifa kabisa, si nasukuma tu na kuingiza gia? – *Mzee wa Kabureta*

JIBU: Ya kabureta, mara nyingi ndiyo, kwa gia ya pili au ya tatu, na mteremko ukiwepo. Ya sindano za umeme, zinazopuliza petroli badala ya kabureta, inahitaji chaji ya pampu ya petroli na kompyuta yake. Betri ikiwa tupu kabisa utasukuma mpaka jioni. Beba betri ndogo ya kuamshia injini. Ina tundu la kuchajia simu pia, ila usiimalize kwa simu.