Maswali ya Wasomaji: Mbegu za Matunda Kwenye Chupa ya Kuchachushia

SWALI: Mhariri, salamu. Nimechemsha mbegu za fenesi, nikazitia kwenye chupa ya kioo pamoja na maji ya chumvi na kapsuli moja ya probiotiki, yaani bakteria hai wenye manufaa. Leo ni siku ya nne: maji hayajachachuka, mbegu zina ute, na harufu inatisha. Kabichi huniivia vizuri kwa vipimo hivyohivyo. Nimekosea wapi?

JIBU: Umezifanyia mbegu kama kabichi, na mbegu si kabichi. Kabichi mbichi huingia chupani na sukari yake na bakteria wake. Mbegu ya fenesi ni wanga kwa sehemu kubwa, na bakteria wengi wa asidi ya laktiki hawawezi kuuvunja wanga. Wanataka sukari iliyo tayari. Ulipochemsha uliua bakteria wa asili na kuharibu vimeng'enya ambavyo vingegeuza wanga kidogo kuwa sukari. Wale wa kapsuli wakakuta meza tupu. Walionusurika kwenye moto ni spora, yaani bakteria waliojifungia ganda linalostahimili moto, za jamii ya Bacillus, ambao hula protini, hutoa amonia na kuacha ute. Ndiyo harufu hiyo. Mwaga vyote, usionje, uoshe chupa kwa maji yanayochemka.

Kuchemsha kwenyewe usikuache. Mbegu mbichi ya fenesi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini tumboni, na moto ndio dawa yake ya uhakika.

Jaribu hivi. Menya ganda jeupe la nje. Ngozi ya kahawia iliyobana si lazima. Chemsha dakika 20 hadi 25, mpaka kisu kiingie bila kulazimisha, kisha kata vipande vyembamba vya milimita 5. Usiache mbegu nzima, na sababu utaiona punde. Pima gramu 500 za vipande na gramu 500 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu klorini ya bombani huwadhoofisha bakteria. Ongeza chumvi gramu 25, yaani asilimia 2.5 ya uzito wa mbegu na maji kwa pamoja, sukari gramu 15, na vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau. Sukari ni chakula cha bakteria. Limau ni ulinzi wa saa za mwanzo kabla hawajaanza kutoa asidi yao wenyewe.

Mchanganyiko ukishapoa chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, fungua kapsuli yenye bakteria bilioni 10 na koroga unga wake ndani. Kwa kilo moja, hiyo ni milioni 10 kwa kila gramu, jeshi la kutosha. Gandamiza vipande vizame, acha nafasi ya sentimita 3 juu, funga bila kukaza sana, weka mahali penye nyuzi 25 hadi 30.

Sasa kipimo, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imekuwa kali zaidi. Karatasi ya pH ikisoma 3.8 kwenye maji, haina maana kiini cha mbegu nacho kimefika huko. Asidi hupenya wanga uliopikwa polepole, na ndani ya mbegu nzima pH inaweza kubaki juu ya 5 huku maji yakiwa makali kama siki. Mpaka wa usalama ni 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria Clostridium botulinum anaweza kukua na kutoa sumu mahali pasipo na hewa, na chumvi ya asilimia 2.5 haimzuii. Kwa hiyo toa kipande kinene kuliko vyote, kiponde na maji kidogo sana yaliyochujwa, upime uji wake. Unataka 4.2 au chini ndani ya saa 48. Kama siku ya pili bado iko juu ya 4.6, tupa, usiongeze siku kwa matumaini.

Zikiwa tayari, hamishia kwenye jokofu la nyuzi 4 na uzile ndani ya wiki mbili.

SWALI: Chupa yangu haitoi mapovu hata moja. Je, kapsuli imekufa? Na nikikosa kapsuli, mtindi unafaa?

JIBU: Mapovu si kipimo. Lactobacillus plantarum, anayefaa kuliko wengi kwa kazi hii, hugeuza sukari ya glukosi karibu yote kuwa asidi ya laktiki bila kutoa gesi ya maana. Mapovu unayoyaona kwenye kabichi huletwa zaidi na bakteria wengine, Leuconostoc. Amini karatasi ya pH.

Ila soma lebo ya kapsuli. Tangu 2020 bakteria huyo ana jina jipya, Lactiplantibacillus plantarum, na utakuta majina yote mawili sokoni. Kapsuli iliyoandikwa Saccharomyces boulardii ni hamira: itakupa gesi na alkoholi, asidi kidogo mno. Ile ya Bacillus coagulans ina spora zinazopenda joto la nyuzi 35 kwenda juu. Kwenye joto la kawaida zitasinzia huku wengine wakiwahi chakula.

Mtindi hatuushauri. Bakteria wake wamezoea nyuzi 40 hadi 45 na hawapatani na chumvi. Tena mmoja wao, bulgaricus, hali sukari ya mezani. Bora zaidi ni vijiko vitatu vya maji ya kabichi iliyochachuka vizuri, ambayo haijapashwa moto.

SWALI: Mbegu za aprikoti ni chungu. Nimeambiwa kuchachusha huondoa sumu, kama inavyokuwa kwa muhogo. Ni kweli?

JIBU: Usifanye. Uchungu huo ni amigdalini, na imo pia kwenye kokwa za pichi, plamu na cheri, na kwenye mbegu za tufaha. Ndani ya mbegu nzima amigdalini na kimeng'enya chake hukaa mbalimbali. Ukiponda na kulowesha vinakutana, na sumu ya sayanidi inazaliwa. Baadhi ya bakteria wa kuchachusha wana kimeng'enya cha aina hiyo pia, kwa hiyo wanaweza kuichochea kazi hiyohiyo.

Muhogo husalimika kwa sababu sayanidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, ikatoroka hewani wakati wa kukamua, kuanika na kupika. Wewe umeifungia chupani, ikabaki kwenye maji unayokusudia kunywa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikadiria mwaka 2016 kwamba zaidi ya kokwa tatu ndogo mbichi za aprikoti kwa mkupuo mmoja zinaweza kumvusha mtu mzima kiwango salama. Kwa mtoto mdogo, hata moja inatosha.

Mbegu za stafeli na topetope nazo ziache, kwa sababu nyingine: zina anonasini na jamaa zake, ambazo hudhuru seli za neva.

SWALI: Nimechachusha mbegu za maboga zikapendeza. Nikizikaanga, probiotiki inabaki?

JIBU: Haibaki. Fasili ya probiotiki ya mwaka 2001 ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inataka viumbe hai, tena kwa wingi wa kutosha, na oveni ya nyuzi 150 haiachi kitu hai cha aina hiyo. Utakachobaki nacho ni ladha, na fitati iliyopungua, kitu kinachoshika chuma na zinki tumboni. Hiyo si hasara. Ukitaka bakteria hai, zichuje uzile bila kupika, au zikaushe kwa nyuzi 40. Hata hapo idadi itashuka, kwa hiyo tusiziite dawa.

SWALI: Utando mweupe juu ya maji ni sumu?

JIBU: Ukiwa bapa, mkavu na wenye mikunjo, ni hamira pori: uondoe, pima pH upya, zamisha vipande. Ukiwa na manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, ni ukungu. Tupa chupa nzima; kukwangua juu hakutoshi.

SWALI: Na mbegu za nyanya za kupanda, nazo nitie chumvi na kapsuli?

JIBU: Hapana, bwana! Hizo zikamulie pamoja na maji yake kwenye kikombe, funika kwa kitambaa, koroga kila siku. Baada ya siku 2 hadi 3 ule ute unaozuia kuota utakuwa umeyeyuka na mbegu nzuri zimezama. Osha, anika kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi maana zitaganda. Ukizisahau wiki nzima, zitaanza kuota humohumo kikombeni.