Kipindi kurudishwa na kituo cha TV: kosa liko kwenye taimulaini, siyo kwenye eksporti

Mkuu, umesema kipindi chako cha dakika 28 kuhusu wachuma chai wa Rungwe kimerudishwa mara mbili, na kituo kimelalamikia mambo matatu: mwendo wa picha unarukaruka, picha ina mistari, na sauti imezidi. Unauliza utumie priseti gani (mipangilio iliyokwisha kuandaliwa) ya Premiere, programu unayohariria. Priseti haitakuokoa. Hayo yote matatu yaliingia kabla hujafika kwenye eksporti, yaani kutoa faili la mwisho, na eksporti inabeba tu kile kilichomo kwenye taimulaini, pale unapopanga klipu zako.

Tuanze na mwendo. Matangazo ya TV kwetu yanakwenda kwa fremu 25 kwa sekunde, mfumo uliorithiwa kutoka enzi za PAL (TV ya analojia ya zamani) na umeme wa Hz 50. Simu inarekodi 30, tena 30 isiyotulia: mwanga ukipungua inashuka hadi 24 na kitu, ukiongezeka inapanda. Fungua klipu kwenye MediaInfo, programu inayosoma taarifa za faili. Ikikuambia mwendo wa fremu ni "Variable", usiiweke kwenye taimulaini hivyo hivyo, maana midomo na sauti vitaachana taratibu kadiri klipu inavyokwenda. Ipitishe kwanza kwenye programu ya kubadili video, HandBrake au Shutter Encoder, iwe na mwendo mmoja usiobadilika.

Hapo bado una 30 ndani ya 25. Programu inatupa fremu moja katika kila sita, kwa hiyo picha inashtuka mara tano kila sekunde. Kwa mtu aliyekaa anahojiwa huwezi kuona. Kwa droni inayopita juu ya mashamba ya chai utaona hata ukiwa umesinzia. Dawa ya picha zisizo na sauti ya mtu ni kuiambia programu isome klipu hiyo kama ya fremu 25. Hakuna fremu inayotupwa. Picha inapungua mwendo kidogo tu, asilimia 83 ya ule wa awali, na droni inapendeza zaidi. Mahojiano yaache yatupe fremu. Safari ijayo weka kamera kwenye 25 au 50 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, hapo hata taa za umeme za ndani hazitapepesa. Na kama unatumia DaVinci Resolve, weka 25 kabla hujaingiza klipu ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo mwendo wa mradi unafungwa na hutaweza kuubadilisha.

Mistari sasa. Kituo kikiomba 1080i50 maana yake kila fremu imegawanywa fildi mbili, yaani seti mbili za mistari inayopishana mmoja baada ya mwingine, fildi ya juu kwanza, halafu ya chini. Ukisimamisha faili kwenye kompyuta ukaona kingo za mkono wa mchumaji zina meno kama ya kitana, hilo peke yake siyo kosa. Kompyuta inakuonyesha fildi mbili kwa pamoja. Kosa ni mkono ukisogea mbele, ukarudi nyuma, ukasogea tena mbele kwenye TV halisi. Hapo fildi zimegeuzwa. Chanzo cha kawaida ni kanda za zamani za MiniDV: zenyewe ni 720×576 na zinaanza na fildi ya chini, wakati HD inaanza na ya juu. Chanzo cha pili ni kuchukua klipu yenye fildi ukaikuza au kuisogeza ndani ya sikwensi (taimulaini ya kipindi) isiyo na fildi. Mistari inachanganyika na meno yanabaki humo milele. Ondoa fildi kwenye klipu husika kwanza, ndipo uikuze.

Kama picha zako zote ni za 25 zisizo na fildi, hariri hivyo hivyo na utoe 50i (yenye fildi) mwishoni. Fildi zote mbili zitakuwa za wakati mmoja na hakuna kitakachochana. Ila maandishi yanayotembea chini ya skrini yatakwamakwama, na herufi zenye mistari myembamba zitatetemeka. Tumia herufi nene.

Sauti nayo hurudisha vipindi vingi, na ni rahisi kuirekebisha. Kipimo kinachotumika sana ni R128 ya EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya: wastani wa kipindi kizima uwe -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na kilele halisi kisivuke -1 dBTP. Kama karatasi ya kituo chako ina namba nyingine, fuata ya kwao. Aliyezoea kutengeneza kwa ajili ya YouTube anasukuma hadi karibu -14, yaani desibeli 9 juu ya kinachotakiwa. Pima faili lako kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i kipindi.mov -vn -af ebur128=peak=true -f null -

Mwishoni itakupa thamani ya I, ambayo ndiyo ule wastani. Tuseme imesoma -17.4. Toa 17.4 kwenye 23, unapata 5.6, shusha masta (sauti yote kwa pamoja) nzima desibeli 5.6 na umemaliza. Usibandike limita kubana kila kitu, itaua ngoma na itafanya pumzi za msimulizi zisikike kama upepo wa Kitulo. Kipaza sauti cha kifuani kilichorekodi upande wa kushoto tu kipeleke pande zote mbili, kisha upime upya, kwa sababu kipimo kitapanda karibu 3. Halafu sikiliza kwa mono. Sauti ya mtu ikipotea au ikiwa nyembamba, upande mmoja umegeuzwa fezi, yaani mawimbi yake yanayafuta ya upande mwingine.

Rangi kwa kifupi. Kwa jua la nyanda hizi sare nyeupe za kwaya zinavuka asilimia 100 ya mwangaza, na kifaa cha kituo kinasoma hilo kama kosa. Weka limita ya video juu kabisa ya taimulaini, nyeupe ikome 100 na nyeusi 0. Klipu za iPhone zilizorekodiwa kwa HDR (mwangaza mpana) zigeuze kuwa Rec. 709, rangi za kawaida za TV ya HD, kabla ya kuzigusa. Majina ya watu yabaki ndani ya asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na kulia, 54 juu na chini.

Sasa ndiyo eksporti. Inayokubalika sana ni faili la matangazo aina ya MXF OP1a, XDCAM HD422 ya megabiti 50, 1920×1080, 25, fildi ya juu kwanza, sauti PCM ya biti 24 kwa 48 kHz. Usiogope ukubwa; kituo kitalibana tena kabla halijafika kwenye king'amuzi, na majani ya chai yenye mvua ni kati ya picha zinazovunjika haraka zikibanwa mara mbili.

Umeme ukikatika katikati, MXF ambayo haijafungwa mara nyingi haifunguki. Kwa hiyo usitoe kipindi kizima kwa mkupuo. Toa kila sehemu kati ya matangazo kama DNxHR HQ au ProRes 422 HQ (fomati za ubora mkubwa za kuhaririwa), ziunganishe kwenye sikwensi mpya, kisha toa MXF kutoka hapo. Hatua hii ya mwisho ni nyepesi. UPS nayo iwepo. Kisha litazame lile faili lenyewe lote, kwenye TV, dakika 28 kamili. Fremu moja nyeusi iliyosahaulika kati ya klipu mbili huioni ukiwa unaburuta kishale.

Dakika 28 zenye chaneli 8 za sauti ni kama GB 12.4. Flashi ya FAT32 itakataa kwa sababu haipokei faili linalozidi GB 4, hivyo ifomati kwa mfumo wa exFAT, ambao unapokea faili kubwa. Kwa intaneti ya kupandisha megabiti 5 ni saa tano na nusu bila kukatika, ndiyo maana wengi wanaipa basi la Dar. Kabla ya kufunga bahasha, andika certutil -hashfile kipindi.mxf MD5 kwenye Windows ili upate alama ya kipekee ya faili, fanya hivyo kwa nakala iliyoko kwenye flashi pia, na mtumie mpokeaji zile herufi na namba azilinganishe. Zikitofautiana hata moja, faili limeharibika wakati wa kunakili au njiani, na hakuna haja ya kulifungua.