Dada yangu kaambiwa ana maltipo sklerosisi, jua linamzidishia?

Mdogo wangu wa Masasi, umesema jicho moja la dada yako lilififia, likapona, kisha miguu ikafa ganzi, na akiwa juani kwenye korosho hali inazidi. Habari za kurogwa waachie majirani.

Kinga yake ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya uliochunika plastiki: umeme unafika kwa kusuasua. Dalili hutegemea palipochunika, ndiyo maana leo jicho, kesho miguu, hata mkojo. Mwili ukipata joto, mishipa hiyo hupitisha taarifa vibaya zaidi. Akipoa hurudi alivyokuwa. Jua haliongezi ugonjwa wenyewe. Aokote korosho alfajiri, shingoni kitambaa chenye maji. Na ule uchovu si uvivu, mwambieni na shemeji.

Hauambukizi. Dawa ya kuumaliza haipo, zipo za kupunguza mashambulizi, na kuanza mapema kuna faida. Ombeni rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, Muhimbili wapo. Dalili mpya ikipitisha siku nzima, mpelekeni hospitali, msingoje ipoe yenyewe.